Habari Kamili Kesho

Mwalimu Yotamu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku ile nusura nimpige na mwiko.

Alikuwa akitufundisha kusoma sisi watu wazima wa Ipogolo, na nje ya darasa, kando ya barabara kuu, alikuwa na ubao wake mweusi aliouita gazeti. Kila siku aliandika: chemsheni maji, chimbeni vyoo, palilieni mahindi mapema. Nani asimame juani kusoma habari za choo? Tulipita na ndoo zetu kichwani kama hatuuoni. Yotamu aliumia, ukimtazama usoni unaona.

Vita vya Kagera vilipoanza, akapata akili. Juu kabisa akawa anaandika habari za vita alizosikia redioni, kwa herufi kubwa, na choo akakisukuma chini. Jamani, watu walijaa! Hata wazee waliokataa darasa waliomba wasomewe. Naye akanogewa. Akaanza kuikata habari katikati: "Vijana wetu wamefika wapi? Habari kamili kesho." Kesho yake watu wanazidi.

Jirani yangu Helena hakukosa. Mwanawe wa pekee, Selestini, alikuwa huko vitani, na tangu aondoke hakuwa amesikia lolote. Alisoma kwa kidole, na akifika mwisho bila kuona jina la mwanawe ndipo anashusha pumzi.

Basi alasiri moja lori la jeshi likasimama Ipogolo likielekea Mbeya. Askari mmoja akateremka kunywa chai, akamkuta Yotamu hotelini, akampa salamu za Selestini ampelekee mama yake. Mtu mwenye akili timamu angekimbia moja kwa moja kwa Helena. Yotamu akakimbilia chaki. Akaandika: "Selestini wa Helena, aliye vitani: habari kamili kesho."

Mungu wangu! Huku kwetu habari ya msiba haitolewi nzima. Ukifiwa, unaambiwa kwanza mtu wako anaumwa kidogo, baadaye amezidiwa, mpaka ufike nyumbani watu wakushike mikono. Habari nusu kila mtu anajua maana yake. Helena alipoisoma, ndoo ilimwanguka.

Jua halijazama, sisi wanawake tulishafika kwake na kuni na unga. Helena yuko chini kwenye mkeka, hana sauti. Wajomba walishamfunga mbuzi wa Selestini, yule wa madoa, wamchinje tuwapikie waombolezaji. Ndipo Yotamu, aliyesikia vilio, akaingia mbio, chaki bado mkononi.

"Mama Selestini, mwanao mzima! Amekusalimia!"

Helena hakuinua hata kichwa. "Sema tu, Mwalimu. Anaumwa wapi?"

"Haumwi! Mzima kabisa!"

"Ndivyo wanavyosemaga," akasema Helena, na wanawake wakaanza kulia upya.

Yotamu alikuwa anatokwa jasho. Kila alichosema kilizidi kumzika yule kijana, na mwenyewe alikuwa anaona. Nikainua mwiko niliokuwa nao. Nikamkamata shati.

"Wewe mwanaume! Huyo askari alikuambia nini, neno kwa neno? Leo usitubakizie ya kesho!"

Akafumba macho akikumbuka. "Alisema... Selestini amesema, 'Mwambieni mama nipo. Na yule mbuzi wangu wa madoa, wajomba wasimguse. Nawajua, watatafuta tu sababu.'"

Mjomba mkubwa alikuwa amesimama na kisu mkononi, hajui akiweke wapi.

Helena akainua kichwa. Akamtazama mbuzi, akamtazama kaka yake, na midomo ikaanza kumcheza.

"Huyo ni Selestini," akasema. "Huyo ni mwanangu hasa." Kisha sauti iliyokuwa imempotea ikamrudia yote kwa pamoja, hata watu wa barabarani walisikia: "Mfungueni mbuzi wa mwanangu!"