Macho ya Sanamu za Baba

Baba hakuwahi kuchonga macho. Alichonga pua, midomo, masikio, hata mkunjo wa kanga kiunoni, lakini chini ya paji la uso aliacha mahali patupu, pamelainishwa kwa majani ya msasa mpaka panateleza. Kulainisha ilikuwa kazi yangu. Nyumbani kwetu Ruaruke ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa kugusa patasi zake, na kaka zangu nikawaringia bila haya.

Msikitini walimsema. Mwislamu gani anachonga watu? Baba hakubishana nao. Siku moja tumekaa katikati ya vibanzi vya mkomafi, mti mwekundu aliouagiza kutoka mikokoni Salale, akaniambia mimi: "Mwanangu, siku ya hesabu n'taulizwa. Wachonga sanamu wataambiwa, haya, zitieni roho. Mie n'tasema, sikumaliza, ya Rabi. Macho nilikuachia mwenyewe." Akacheka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, na hakuwa na nyingine.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Kibiti yakajaa sabuni na vitenge, kila mtu akauza alichonacho, na Dar es Salaam watu wakaanza kutafuta vinyago vya kupamba sebule. Nilikuwa huko kwa shangazi yangu, najifunza cherehani. Nilimshonea gauni mke wa msimamizi wa jumba dogo la makumbusho, na kwa mlango huo nikampelekea mumewe sanamu moja ya Baba. Akaigeuzageuza, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akasema atafanya maonyesho ya mtu mmoja. Baba peke yake, ukumbi mzima. Nilirudi kwa shangazi nikipiga vigelegele njiani, watu wakidhani nina harusi.

Sanamu kumi na moja zilitangulia kwa lori. Baba angefuata siku ya ufunguzi. Msimamizi alizipanga juu ya meza nyeupe, akarudi nyuma, akaguna.

"Nzuri, lakini zinaonekana hazijakwisha," alisema. "Wageni wanapenda sanamu iwatazame. Mzee hawezi kuzitia macho?" Akaongeza kwamba kuna mchoraji mmoja anausubiri ukumbi huohuo.

Ningeweza kumweleza. Maneno yalikuwa mepesi kabisa, hata mtoto wa chuo cha Kurani angeyasema. Lakini niliona haya. Mbele ya yule bwana mwenye miwani, hoja ya Baba iliniwia ya kishamba, nikaogopa atatucheka na kumpa ukumbi yule mwingine. Nikajibu, "Naweza mimi."

Nilifanya kazi ile siku mbili. Sifichi, mkono wangu ulikuwa mzuri. Kila jicho lilikaa mahali pake, na nilijisifu moyoni, mpumbavu mimi.

Baba aliingia na kanzu aliyoipiga pasi ya mkaa, kofia mpya kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwa sanamu ya mwanamke anayetwanga, aliyoipenda kuliko zote. Akasimama. Akampitishia kidole usoni, polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Nani kamfumbua huyu?" aliuliza.

Msimamizi akadhani anasifiwa, akamshika Baba bega. "Mzee, macho haya yameipa kazi yako uhai!"

"Uhai?" Baba alisema. "Hapana, bwana. Tafadhali, usiseme neno hilo."

Alinitazama mara moja tu, akajua. Hakunigombeza, na hadi leo natamani angenizaba kibao mbele ya wageni wote. Alitoka akakaa ngazini, na huko ndiko walikomfuata kumpa mkono wa pongezi. Jioni sanamu zote zilikuwa zimenunuliwa, na baadhi ya wanunuzi walikuwa wakipanda ndege kesho yake. Maji yalikwisha kumwagika. Hata kama ningetaka kuyaziba macho yale kwa nta, ningewafuata wapi?

Baba akarudi Ruaruke. Tezo lake alimpa jirani achongee mipini ya majembe, akabaki na shamba lake la mpunga. Hakuchonga tena. Wanakijiji walipomuuliza, alisema mgongo unamsumbua.

Miaka ilipita kabla sijapata ujasiri wa kuomba radhi. Alikuwa mgonjwa wakati huo, nami namlisha uji. Nilishika miguu yake, nikalia kwa sauti.

"Baba, nisamehe. Nimekuharibia hoja yako."

"Nilishakusamehe ngazini pale," alisema. "Usiogope. Wakiniuliza, n'tasema macho nilitoboa mie."

"Baba, usiseme hivyo!"

"We bado mtoto," alinijibu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzaa mara tatu. Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine. Hakuishi hadi mwisho wa mwezi ule.

Namjua Baba. Akisema atasema, atasema. Kwa hiyo kila nimalizapo sala, kabla sijaomba chochote cha watoto wangu, nanyanyua mikono na kumtangulia: ya Rabi, akikwambia ni yeye, usimsadiki. Macho yale ni yangu. Yeye alikuachia wewe.