Noëlla Daigle Achagua Winchi

Noëlla Daigle aliendesha basi la shule huko Frenchville miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo aliweka jina lake kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda musi, yule paa mkubwa wa misitu ya baridi, asipate kitu. Huku kaskazini ya Maine wako watu wanaozikwa hawajawahi kuitwa. Jina lake lilipotoka hatimaye, hakupita nyumba kwa nyumba akijitangaza kama wengine. Kesho yake asubuhi alikuja dukani kwangu na daftari.

Mimi nauza mashine ndogo, mpya na za mitumba: misumeno, jenereta, winchi, matela. Nilianza na matairi manne yaliyochakaa uani kwa baba yangu, na tangu hapo nimejifunza jambo moja kuhusu mteja anayekuja na daftari. Faida itakuwa ndogo.

Kumpiga musi risasi hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kaka yake, Rénald. Musi dume ni mkubwa kuliko farasi. Hata akitolewa matumbo hubaki na ratili mia nane, na hajali ameangukia wapi. Rénald ana lori la magogo lenye mkono wa kunyanyulia, na desturi ya huku ni kwamba anayemtoa mnyama porini anachukua mguu mmoja wa nyuma, auchague mwenyewe. Alimtoa musi wa baba yao, akachukua mguu. Alimtoa musi wa Camille, mume wa Noëlla, akachukua mguu na minofu ya mgongo juu yake, eti barabara ilikuwa mbaya. Sasa Camille amepasuliwa mgongo na hawezi kuinua hata ndoo ya maji, na Rénald alikuwa ameshawaambia watu nje ya kanisa kwamba ametoa samaki wote kwenye friza ili kuupa nafasi mguu wake.

Noëlla aliniambia mambo hayo bila hasira, kama anayesoma ratiba ya basi. Alitaka nyama yake yote ifike nyumbani kwake, na alitaka winchi ya kumvuta musi kwa kamba hadi juu ya tela.

Nilimwonyesha ile kubwa, ya ratili elfu nne na mia tano, yenye waya wa chuma. Ndiyo ninayouza zaidi. Wanaume wa huku hununua winchi kwa kutazama iliyofungwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne ya jirani, kisha wanaomba iliyoizidi. Wanaifunga mbele, na siku ya musi wanagundua kwamba tela liko nyuma. Sijawahi kumzuia mtu.

“Hii unaifunga mbele ya pikipiki?” akaniuliza.

“Wote wanafunga mbele.”

“Sikukuuliza wote wanafanya nini, Valmont. Mnyama atapanda mbele au nyuma?”

Nikakubali kwamba atapanda nyuma. Akaandika kitu kwenye daftari.

Jumamosi yake alirudi na tela lake dogo, betri yake mwenyewe na magunia kumi na sita ya viazi, kila moja ratili hamsini. Akayapanga juu ya kipande cha turubai, akaegesha mbao mbili za kupandishia, akasema tuzijaribu winchi zote tatu nilizokuwa nazo kwa zamu, zikifungwa kwenye shingo ya tela. Nilikuwa na wateja wengine, lakini wateja wenyewe waliacha walichokuja kununua wakasimama kutazama.

Ile kubwa ilivuta viazi bila kuguna, ila ilikunywa betri ndogo ya Noëlla hadi taa za tela zikafifia, na waya wake ulikuwa na nyuzi zilizochomoza zinazochana mikono. Ile ndogo, ya ratili elfu moja na mia tano, ilivuta vizuri chini, ikafika kwenye mbao ikasimama. Mmoja wa wateja akacheka akasema ni mbovu. Noëlla hakucheka. Aliinama akatazama roli lake, gurudumu linalokunja kamba, kisha akaniita.

“Kamba ikiwa imeviringika nyingi, inavuta kidogo. Ni kweli?”

Ni kweli. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kamba ikiwa karibu yote iko nje. Kila inavyojikunja juu ya roli, nguvu inapungua, na mnyama anafika kwenye mbao, mahali pagumu kuliko pote, wakati kamba imeshajikunja. Nimeuza winchi miaka kumi na minne na wateja walioniuliza hilo hawafiki watatu.

Akachagua ya katikati, ya ratili elfu mbili na mia tano, yenye kamba ya nailoni. Nilitaka dola mia mbili na ishirini. Alitaja mia moja na hamsini. Tulipanda na kushuka hadi tukafika mia na themanini na tano, na hapo ndipo alipoanza biashara yake halisi: nimpe bure kapi la chuma, kigurudumu cha kupitishia kamba, na niandike nyuma ya risiti kwamba winchi ikishindwa kumpandisha musi nitarudisha pesa. Nikaandika. Kapi nilimpa kwa moyo mzito.

Kwa hiyo wiki ya uwindaji ilipofika nilipanga kupeleka jenereta kwenye kambi iliyo karibu na alikokuwa. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kulinda dola zangu.

Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, nikamkuta ameshampiga dume, ameshamtoa matumbo, mnyama amelala kando ya njia ya zamani ya magogo, hatua arobaini kutoka mahali tela lingeweza kufika. Camille alikuwa ameketi juu ya boksi la barafu akishika rimoti ya winchi. Walikuwa wameunga kamba ya ziada na kumfunga mnyama kwenye pembe zake, kichwa kikitangulia, ili manyoya yalale na asikwame. Alikuja polepole, akivunja vijiti. Alipofika kwenye mbao, mabega yakapanda kidogo, winchi ikalia kwa sauti nzito, ikasimama.

Hapo ndipo lori la Rénald lilipotokea. Madereva wa magogo wanasikilizana redioni, na huku habari ya musi haifichiki. Akashuka, akazunguka tela mara moja kama mnunuzi.

“Kimekufa hicho kidude, dada.”

Noëlla aliweka kiganja juu ya mota. “Kimechoka. Wewe ukichoka huwa tunakuzika?”

“Dakika tano tu na mkono wa lori langu. Unajua bei yangu.”

Camille akamtazama mkewe. Nadhani angekubali; mvua ilikuwa inakuja na mgongo ulikuwa unamuuma. Mimi nilitazama chini, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuzihesabu zile pesa kama zimetoka mfukoni.

Noëlla aliiacha pikipiki iungurume ijaze betri, akakaa ukingoni mwa tela, akafungua kopo la ploye, chapati nyembamba za huku, zilizopakwa siagi na kukunjwa. Akampa Camille, akanipa mimi, akampa na Rénald. Tukala. Redio ya lorini ikamwita Rénald mara mbili. Mara ya pili aliyemwita alitaja jina lake kamili, kama bosi aliyechoka kusubiri.

Baada ya robo saa aligusa mota tena, safari hii kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Ndipo akatoa kapi. Alilifunga kwenye pembe za mnyama, akapitisha kamba ndani yake, akairudisha ndoano kwenye fremu ya tela. Sasa kamba ilikuwa mbili, mzigo ukawa nusu, na nusu ya kamba iliyojaza roli ikawa nje. Akaweka magogo chini ya matairi, akamwambia Camille abonyeze akihesabu hadi thelathini, apumzike, abonyeze tena.

Musi akapanda mbao kama mzee anayepanda ngazi za kanisa, akisimama kila hatua. Mara ya nne matako yake yalikuwa ndani ya tela.

Rénald alifuta siagi mdomoni. “Na mguu wangu je?” akauliza, akijifanya anatania.

“Umetoa nini porini leo?”

Noëlla akavuta mkanda wa kwanza juu ya mnyama, akaukaza.

“Njoo Jumapili,” akamwambia bila kugeuka. “Kaa mezani ule na wenzio. Na uje na viti, vyangu havitoshi.”

Alikuja saa sita kamili, na viti vinne, akala sahani tatu.