Mama Pasi na Neno "Nyepesi"

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, maana alikuwa dobi, na shati likitoka mikononi mwake lilisimama wima hata bila mtu ndani. Kabla ya kuloweka nguo alipekua kila mfuko. Alishakuta funguo, na hata barua za mapenzi ambazo mke wa mwenye suruali hakuziandika, na hakumwambia mtu. Kitu asichokivumilia ni sigara za mumewe. Mume alikuwa fundi rangi, mcheshi kupindukia, na sigara haikumtoka mdomoni. Mama Pasi akizikuta mfukoni anazivunjavunja. Bwana anacheka, anakwenda zake dukani kununua nyingine.

Basi siku moja Mama Pasi akaona dukani pakiti mpya, nyeupe pe, imeandikwa NYEPESI. Muuza duka akamwambia, "Hizi hazina makali, mama. Kampuni wenyewe wametuletea bango, si hilo hapo?" Kwenye bango palikuwa na mwanamume kifua wazi, meno nje, afya tele. Mama Pasi akasadiki. Neno lenyewe alilijua tangu utotoni: mzigo mwepesi hauumizi mgongo, homa nyepesi hupita yenyewe. Akaafikiana na mumewe: zile kali aachane nazo, na hizi atamnunulia yeye mwenyewe. Ikawa hivyo kila Jumamosi, sabuni ya kufulia na pakiti za nyepesi, miaka kumi na moja. Bwana alilalamika kwamba ni kama kuvuta hewa tupu, kwa hiyo akavuta maradufu, tena akiubana moshi kifuani. Mapafu yakamshinda. Alikufa amebaki mifupa mitupu, na hata utani ulikuwa umemwishia.

Binti yao wa pekee, mwalimu, hakukubali yaishe hivyo. Alitafuta wakili, akakusanya familia nyingine zilizofiwa, wakaishtaki kampuni. Na kila aliyemuuliza alimjibu kwa fahari, "Mama yangu alipigana na hizo sigara mpaka mwisho." Miaka ile ya Jumamosi yeye alikuwa shule ya bweni, kisha chuoni, angejuaje? Mama Pasi alimsikia, akainamia pasi yake bila kumsahihisha. Jambo lile lilimla ndani kwa ndani. Mtoto huyo ndiye pekee aliyebaki naye duniani.

Aliitwa mahakamani kama shahidi wa tatu, aeleze ugonjwa wa marehemu tu. Kufikia hapo familia zilikuwa zimeelemewa. Wakili wa kampuni aliwabana mashahidi wawili wa kwanza mpaka wakababaika. Suti yake ilikuwa na mkunjo mbaya begani, na Mama Pasi alipouona alipata faraja kidogo.

"Mama," wakili alimwambia kwa upole wa bandia, "neno 'nyepesi' lilihusu ladha. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyedhani maana yake ni salama. Hata wewe hukudhani hivyo, au sivyo?"

Angesema "sikudhani", yangeishia hapo na siri yake ingebaki kwake. Akamtazama binti yake, aliyekaa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Akapiga moyo konde.

"Nilidhani," alisema. "Na akili zangu timamu."

"Ulidhani nini hasa?"

"Kwamba hazitamuua. Ndiyo maana nilikuwa namnunulia mimi. Kila Jumamosi."

Wakili akaona mambo yamemnyookea. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyempa marehemu sigara?"

"Mimi. Nyinyi mliandika lile neno, mimi nikampelekea."

Binti akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka.

Miezi minne binti hakukanyaga kwa mama yake. Alikuja siku ya hukumu, karatasi mkononi. Kampuni ilikuwa imeshindwa: neno lile lifutwe kwenye pakiti zote, na familia zilipwe fidia. Alisimama kando ya meza ya kupigia pasi akasoma kwa sauti ya darasani: "'Shahidi wa tatu hana lawama. Alidanganywa, na bila ushahidi wake mahakama isingejua jinsi neno hili lilivyofanya kazi majumbani.'" Akaiweka karatasi mezani. "Umesikia, Mama? Huna lawama. Nisamehe kwa kukukimbia."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Na jaji kasema vizuri." Mama Pasi alijifuta macho kwa shati la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Ila mimi ndiye niliyeiamini kampuni. Baba yako hakuiamini hata siku moja. Aliniamini mimi."