Kufuata Maharage ya Shangazi Marangu

Sikutoka Shirimatunda kwa matembezi. Nilitoka kwa hasira. Mwaka jana kampuni moja ya mbegu ilikipa kikundi chetu cha akina mama maharage ya pakiti, tukasaini karatasi bila kuisoma. Yalizaa vizuri, sikatai. Nikatenga debe moja la kupanda msimu unaofuata, kama alivyofanya mama yangu, na mama yake. Afisa wa kampuni alipoliona akatikisa kichwa.

"Mama Eliya, haya kula au uza. Kupanda hairuhusiwi, wala kumpa jirani. Mbegu ni ya kampuni, ulisaini."

Jamani! Nimeyapalilia mpaka mgongo ukakataa kunyooka, halafu niombe ruhusa ya kuyafukia ardhini? Siku hiyohiyo niliamua kurudi kwenye mbegu ya kwetu. Masika yalikaribia, na mbegu hiyo nilijua iko kwa shangazi yangu Ndeshi, Marangu.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimemkosea. Miaka ya nyuma alinipa maharage yake mekundu yenye mabaka meupe nikapande, mimi nikayapika. Aliponiuliza, nikamjibu kuwa mambo ya kizamani yamepitwa na wakati. Tangu hapo tulikuwa tukikutana msibani kila mtu anatazama upande wake.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Himo. Malori yalinyoosha kwenda Holili mpakani, sisi wa daladala tukakata kushoto kuupanda mlima. Kuanzia hapo migomba ikaanza kutufuata pande zote, na baridi nayo ikaingia.

Marangu Mtoni nilichukua bodaboda. Mvua ilinyesha usiku, njia ilikuwa matope matupu. "Shika vizuri, mama," dereva akanitania. "Udongo wa huku, mtu akianguka anaota."

Nilipofika karibu na kwa shangazi ndipo nikakumbuka: sikubeba isale! Kwetu, ukimpelekea uliyemkosea jani hilo, hakufukuzi bila kukusikiliza. Nikachungulia huku na huku, nikachuma moja kwenye uzio, nikaingia nalo mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Alilitazama lile jani, akautazama uzio wake. "Wewe Manka, hata isale la kuniomba msamaha umelichuma kwangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaangua kicheko mpaka akashika nguzo ya mlango, kisha akalipokea. "Karibu ndani. Umekonda."

Mchana alinipakulia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Nilipotazama vizuri, maharage yalikuwa ya njano.

"Shangazi, siku hizi unanunua maharage sokoni?"

"Sasa nitakula nini? Yangu ni mbegu."

"Na wengine uliowagawia?"

"Walifanya kama wewe. Wakapika, wakahamia kwenye pakiti. Wakija kuomba tena, nitatoa wapi?"

Akateremsha kibuyu kutoka darini, juu ya mafiga, kilikokaushwa kwa moshi. Alimimina kwenye ungo maharage yaliyochanganywa na majivu. Hayakufunika hata nusu ya ungo.

"Ndiyo hayo tu, mwanangu. Nikifa leo, yameisha."

Nililia, sioni aibu kusema. Nilikuja nikidhani naomba mbegu ya shamba langu, kumbe ukoo mzima wa maharage uko kwenye ungo mmoja, na sufuria langu ni mojawapo ya yaliyoumaliza. Nikamwambia abaki nayo yote.

"Wewe! Yote yakae kwangu, panya akiingia je?" Akayagawa kwa kiganja, nusu kwa nusu. "Usionje hata punje moja mpaka nyumba tatu zimepata. Umesikia?"

"Nimesikia. Aika, mae," nikamshukuru kwa kikwetu.

Alasiri niliteremka mlima nikiwa nimeyafunga kwenye khanga kiunoni, ndani ya nguo. Kesho yake nilimwambia mwenyekiti wa kikundi afute jina langu. Alinisihi sana, akasema nitajuta. Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda punje mojamoja, nikifukuza kuku kwa fimbo.

Tulivuna kidogo, lakini yalikuwa safi. Nyumba tatu za jirani zilipata kabla sufuria langu halijaonja. Nilichojifunza ni hiki: kuitunza mbegu peke yako bado ni kuihatarisha. Ilinde kwa kuigawa, na ugawe mapema.

Wiki iliyofuata afisa yule alipita, akakuta majirani wakichambua maharage barazani kwangu. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kugawa mbegu.

"Shangazi yangu wa Marangu," nikamjibu. "Kama una karatasi, mpelekee asaini."