Usivute Kadi Taa Ikiwaka

Nakumbuka siku moja pale Newala, miaka ile kampuni binafsi za simu zilipoanza kuupanda mlima kutufuata sisi wa shirika la umma. Nilikuwa fundi kijana niliyetoka chuo kikuu, nauliza kila kitu hadi wenzangu wananikimbia.

Kadi moja, yaani bamba la saketi linalobeba simu, katika mtambo wetu wa simu iliharibika, ikawa inakwaruza simu za mji mzima. Kadi mpya ninayo mkononi. Lakini kwenye ile mbovu taa moja bado iliwaka kijani: Mama Salima, kwenye kibanda cha simu hapo nje, alikuwa anaongea na Salima mwenyewe, binti yake aliyelazwa hospitali Dar es Salaam.

Mkubwa wangu, Mzee Likanda, alikwisha kuizuia kadi isipokee simu mpya. Hiyo moja aliiacha iishe yenyewe.

"Mzee, kitabu kinasema inachomoka hata mtambo ukiwaka."

"Kimesema inachomoka. Kimesema sasa hivi?"

Huko nje foleni ilipiga kelele: "Mama Salima, unamsimulia hadi msimu wa korosho? Tuachie na sisi!"

Nikagusa vibanio vinavyoishika kadi. Mzee akanishika mkono. "Mama yako akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, unamtua kabla hajasema pokea?"

Nikaondoa mkono. Kwetu, maji yanakopandishwa mlima, hata mtoto anajua: ukiinyakua ndoo, utamwaga maji na kumvunja mtu shingo.

Taa ikazima. Nikavaa mkanda wa kuondoa umeme mwilini, nikalegeza vibanio vyote viwili pamoja, nikavuta kadi wima, taratibu.

Mama Salima akatoka anajifuta kwa khanga. "Kaniaga vizuri. Kauliza kama mbuzi wake kazaa, nimesahau kumjibu. Nipigieni tena, wanangu."

Tukaweka kadi mpya, tukasubiri iamke, tukapiga. Akapokea muuguzi. Mama alisikiliza, kisha akasema polepole, "Mwambie mbuzi wake amezaa. Mapacha." Na sisi tukaendelea kumwita Mama Salima.

Mwanangu, wewe unayeanza ufundi leo, nimejiuliza mara nyingi: tungekata, Salima si angekufa vilevile? Angekufa. Ila bila kuaga.

Kwa hiyo uliza, kuuliza si ujinga. Lakini uliza kabla mkono haujafika kwenye kibanio. Zuia simu mpya, subiri taa izime, vaa mkanda, ndipo uvute. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mara nyingine tamu yenyewe ni ya mwenzake.

Mungu akupe mikono mitulivu, na unaowapenda asiwakate kabla hamjaagana.