Siku Niliyowashitaki Vyura wa Ndiva

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyewashitaki vyura wa kijiji chetu cha Myamba kwa kosa la kuua miti.

Miparachichi yangu miwili kando ya kijito ilinyauka kuanzia juu, nikafukua shina moja, nikakuta mizizi myeusi imeoza na chura ametulia pembeni ananitazama. Mwenye akili angemwita bwana shamba, lakini mimi nina C ya Baiolojia (ya kidato cha nne, msiulize mwaka), nikalinganisha: ugonjwa unapenda maji, chura anapenda maji, ugonjwa unashamiri masika, chura naye kelele zake masika. Kesi imekwisha!

Basi mimi, ambaye hata nikitumwa sokoni hununa, wiki ile nilizunguka na jembe langu na buti zimejaa tope, nafukua mashina ya watu kusaka vyura. Nilianza kwa jirani, Mama Nakijwa, mjane mwenye mparachichi mmoja tu, alioupanda marehemu mumewe mbele ya mlango.

"Shemeji, una uhakika?" akaniuliza.

"Shemeji, hii ni sayansi."

Miezi ikapita, mti wake nao ukaanza kunyauka, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi kwamba ushahidi umeongezeka. Siku ya msaragambo, kijiji kizima tumekusanyika kuzoa tope la ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, nikapanda ukingoni nikapendekeza tulikaushe kabisa ili vyura wahame.

Bwana shamba, kijana mpole, akaniuliza, "Mzee, chura anakula mizizi?"

Akaeleza kuwa muuaji ni kimelea kisichoonekana kwa macho, kinakaa kwenye udongo, kinasafiri na maji na tope, hata tope la kwenye jembe, na mti ukishashikwa ni bahati kupona. Kisha akauliza, "Nimeona mashina yamefukuliwa. Nani alikuwa anayafukua?"

Hakuna aliyenitaja. Walitazama buti zangu tu, wote, kama wamepigiwa filimbi.

Siku hizi naosha jembe kuliko ninavyoosha uso, na shina la mtu siligusi hata nikiitwa. Lakini siku ile nilishuka ukingoni nikamwendea Mama Nakijwa kumwomba radhi, naye akachomeka koleo lake kwenye tope, akasema watu wote wakisikia:

"Shemeji, na vyura nimeishi nao tangu naolewa, na maparachichi tumekula. Wewe umenitembelea mara moja tu."