Sato Katika Deli la Chanjo

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali nisamehewe, na nisipokuwa na uhakika nitasema. Ila hili la deli, lile kasha la plastiki la kutunzia baridi, nina hakika nalo, maana nililipakata mwenyewe.

Mama yetu anakaa Kabasa, pale Bunda. Kifua chake ni kibovu. Alishawahi kulazwa baada ya mjukuu mmoja kwenda kumsalimia na kamasi zake mbili, na daktari akasema mafua makali yakimrudia hayatakuwa na mchezo. Tangu hapo mama akaweka sheria mlangoni: ukipiga chafya, geuza. Hata mchungaji aliwahi kuiombea nyumba akiwa nje ya ua, anapaza sauti kama anauza vitunguu.

Sasa mdogo wangu, kitindamimba wetu, anasoma chuo huku Butiama, mambo ya mifugo. Fildi yake, yaani mafunzo ya vitendo, ikapangiwa mabanda ya kuku ya Manyamanyama, si mbali na kwa mama. Furaha ikawa kubwa: atalala nyumbani, atakula nyumbani. Mama akasema kwenye simu, "Wewe si unalalaga bwenini na watu wanaokohoa kama mbuzi? Hujachanjwa, huingii."

Sijui nani alimwambia kuna chanjo ya mafua. Nadhani redio. Basi tukaanza kuitafuta. Mimi nikauliza maduka ya dawa ya Musoma, mdogo wangu akauliza ya Bunda. Wengine wakatuambia tujaribu Mwanza. Mmoja alinipa vidonge vya kikohozi na pole juu yake. Kwa haki niseme, hakuna aliyetudharau. Haikuwepo tu.

Ndipo chuo kikatangaza kwamba zahanati yake italetewa chanjo hiyo kwa wanafunzi wanaokwenda fildi ya kuku na mifugo. Siku moja tu, uje na kitambulisho, ikiisha imeisha. Mdogo wangu alinipigia akapiga kelele hadi mteja aliyekuwa anachagua samaki wangu akaniambia, "Pole sana dada, ni baba au mama?"

Mimi ni wa Kamunyonge, Musoma. Asubuhi nanunua sato mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nawapanga kwenye deli na barafu, nampelekea mama mmoja mwenye hoteli karibu na chuo. Siku hiyo ya chanjo nilipanda mchomoko, hivi vigari vidogo vya abiria, na mbele akakaa nesi mwenyewe aliyetumwa kutoka Musoma. Deli lake likawekwa nyuma pamoja na langu. Yote ya bluu, yote yana mfuniko mweupe.

Huku kwetu mzigo hauandikwi jina, unafungwa kitambaa. Ukiona kitambaa chako, umeona mzigo wako. Cha kwangu kilikuwa kipande cha kitenge cha sare ya sikukuu ya akina mama wa kanisa. Nilikuwa nimesahau kwamba sare ile ilishonwa na nusu ya wanawake wa Musoma, na kila mmoja alibaki na vipande. Nesi naye alishona.

Tulipofika, dereva akashusha deli moja, akaona kitenge, akampa nesi. Akashusha la pili, akaona kitenge, akanipa mimi. Kosa lilikuwa la nani? Nimewaza sana. Nesi hakuangalia kwa sababu alikuwa ananiaga, mimi sikuangalia kwa sababu nilikuwa nacheka, dereva hakuangalia kwa sababu aliangalia kitambaa. Nimeligawa kosa mafungu matatu sawa, ingawa la dereva naona limejaa kidogo.

Mama wa hoteli akafungua deli, akainama. Halafu akasema, "Dada, leo umeniletea sato wa chupa?"

Nikachungulia. Vikasha vidogo vimepangwa kwa adabu, na kipimajoto kimelala pembeni kama mgonjwa. Kabla sijasema neno simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, ananong'ona.

"Dada, niko kwenye foleni. Nesi amefungua deli. Kuna sato wanatuangalia."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilikuwa ninataka kumweleza mama wa hoteli nashindwa, naonyesha deli, naonyesha chuo, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Kisha kicheko kikakatika katikati. Mfuniko ulikuwa wazi, na jua la Butiama linaingia mle ndani.

"Funga! Funga mama! Baridi inatoka!"

Maana hizo ndizo zilikuwa zote. Zikiharibika, mdogo wangu angekwenda Manyamanyama akapange chumba, ampungie mama mkono kutoka barabarani kama mgombea.

Nikapanda bodaboda na deli mapajani, nimelikumbatia kwa mikono miwili. Dereva akauliza, "Mama, umebeba mtoto?" Nikamjibu, "Nimebeba darasa zima, endesha taratibu haraka." Mpaka leo sijui nilimaanisha nini, lakini alielewa.

Pale zahanati foleni haikuwa imevunjika. Wanafunzi walikuwa wameizunguka meza wanawapiga picha sato wangu. Mmoja anasema, "Sista, mimi nichome ya mkia." Mwingine, "Tunachanjwa au tunakaangwa?" Nesi peke yake hakucheka. Aliponiona na lile deli akaja mbio, akalipokea, akafungua kidogo tu, akakitoa kipimajoto na kukisogeza karibu na macho.

Mimi nilikuwa naomba, sina uhakika naomba nini, nadhani nilikuwa naombea namba.

"Ulifungua muda gani?" akaniuliza.

"Kufungua na kucheka, basi."

Akasoma tena. Akakagua vikasha kimoja kimoja. Halafu uso wake ukalegea. "Iko salama. Baridi bado iko ndani ya kiwango."

Walivyoshangilia! Hata sato nadhani walisikia.

Lakini wengine wakaanza kurudi nyuma. Kijana mmoja akasema, "Hiyo imetoka hotelini, mimi siitaki." Sikumlaumu, ningekuwa yeye labda na mimi ningesita. Nesi akawaeleza taratibu kwamba chanjo na samaki hawakuwahi kukaa deli moja, na kwamba yeye asingemchoma mtu kitu asichokiamini. Bado miguu ikawa mizito.

Ndipo mdogo wangu akatoka kwenye foleni. Huyu mtoto anaogopaga sindano tangu akiwa mdogo, alikuwaga akimwona nesi anapanda mti. Akasema, "Kama aliyeibeba ni dada yangu, nichomeni." Akaukamata mkono wangu unaonuka samaki, akafumba macho, akaanza kupiga kelele kabla sindano haijatoka kwenye karatasi yake.

"Bado!" nesi akasema.

"Sawa, najiandaa tu!"

Watu wakafa kwa kicheko, na foleni ikarudi. Yule kijana wa "imetoka hotelini" akawa wa tatu. Mimi nilipouliza kama na mimi naweza kupata, nesi akaniambia kwa upole ni za wanafunzi. Ni haki. Nikachukua sato wangu nikaenda zangu.

Nesi alikuwa amewaonya kwamba kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, na haizuii kila kamasi duniani. Kwa hiyo mdogo wangu alisubiri. Siku aliyokwenda Kabasa nilimsindikiza, na sato wawili kwenye mfuko aliouning'iniza begani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, khanga puani.

"Umechanjwa?"

"Nimechanjwa, mama."

"Kohoa nisikie."

Mdogo wangu akakohoa kama mtu anayejaribu maikrofoni. Mama akasogea, akapandisha mkono wa gauni la mdogo wangu, akamkagua bega, akalinusa.

"Mbona chanjo yenyewe inanuka sato?"

Tukaangua kicheko wote. Mama alicheka hadi akaanza kukohoa, akakohoa sana, na sisi tukaangaliana. Akapumua, akajifuta macho na khanga.

"Hicho kikohozi ni changu cha zamani," akasema. "Ingieni, mnaingiza vumbi."